Mshika Tochi

Nilikuwa nimeketi nyuma ya watu wawili kwenye basi la asubuhi, nikijifanya nasinzia. Uzee nao una faida zake. Fundi wa lifti, mkoba wa vifaa mapajani, alikuwa akimwambia mama mshonaji aliyekaa naye, "Dada yangu, naogopa. Nimeletewa binti msomi nimfundishe kazi, katoka chuoni moja kwa moja. Mwanzoni aliniuliza maswali mpaka kichwa kikaniuma. Sasa kanyamaza, anapiga miayo tu."

"Kwani unampa kazi gani?"

"Ananishikia tochi. Hata sisi tulianza hivyo hivyo."

"Siku zote hizo tochi tu? Hata betri ingechoka, kaka!"

Nikaficha kicheko kwenye mtandio. Fundi hakucheka. "Leo naingia ndani ya shimo la lifti, chini yangu giza tupu. Yeye ndiye atakayekaa juu kwenye swichi. Akizubaa akaiwasha lifti, mimi nimekwisha."

"Basi mpe na bisibisi, naye ajione fundi."

"Bisibisi? Aje aniharibie kazi?"

Hapo nikatega kitendawili kimoyomoyo: roho yangu nimemkabidhi, bisibisi namnyima. Mwenye jibu alikuwa mbele yangu, anajifuta jasho.

Basi likasimama. Kituoni yule binti alikuwa akingoja, tochi kwapani, macho yakiwa mbali kabisa. "Shikamoo, fundi," alisema bila kumtazama. Fundi akaukumbatia mkoba wake, mguu mmoja chini, mmoja bado ndani ya basi.