Daktari wa Meno Aliyetua Ziwani Magurudumu Yakiwa Nje

Ndugu, jamaa na wanaklabu, huyu tunayemzika leo, Jumapili tarehe 24 Agosti 2025, alikuwa mdogo wangu. Katibu wa klabu ya marubani alituandikia wasifu mzuri sana, umejaa mawingu na mabawa. Nilimshukuru, nikauweka kabatini, na huu mlio nao mkononi nimeupeleka mwenyewe kwa mchapaji.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya wanne, wa baba karani wa posta na mama mshonaji. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye sura ya kuaminika, naye alilijua hilo mapema. Akiwa na miaka tisa aliigeuza cherehani ya mama baiskeli, mkanda ukakatika, akasema ni dada. Nilichapwa mimi. Baadaye alinifuata uani na nusu ya mkate wake, akanifuta machozi, akaniuliza kwa huruma kabisa, “Lakini dada, kwa nini uliukata?” Wakati huo alishauamini uongo wake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 alihitimu udaktari wa meno, akiwa wa pili darasani. Yule aliyekuwa wa kwanza, marehemu alimsema vibaya mpaka mwaka huu. Kichwa alikuwa nacho. Masikio ndiyo yalikuwa ya pambo.

Mwaka 1995 alifungua kliniki ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na kwa miaka thelathini watu waling’olewa meno pale huku wakinusa tapentaini. Kazi ilimfaa mno. Alimjaza mgonjwa pamba mdomoni, akamwuliza swali, kisha akajijibu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo simnyimi. Hata mimi aliniondolea gego nisijue limetoka saa ngapi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi yangu hunyamazisha darasa la watoto hamsini kwa jicho moja tu, lakini nyumbani aliyekuwa akinyamazishwa ni yeye. Sote tuliliona hilo mezani, tukaendelea kula.

Mwaka 2016 alijiunga na klabu ya hawa mabwana na mabibi waliovaa tai zenye picha ya ndege. Ndege zao ni ndogo, za watu wawili, zenye tumbo kama la mashua, na hutua nchi kavu na majini. Ukitua uwanjani unashusha magurudumu. Ukitua majini unayakunja, la sivyo yanashika maji na ndege inapinduka. Ndiyo maana klabu ina desturi yake: kabla ya kutua, rubani hutangaza redioni, “Natua majini, magurudumu yako juu,” na aliyeketi kando yake huchungulia dirishani na kurudia maneno hayo. Wazee wenye mvi husema hivyo kila mara bila kuona haya. Marehemu aliyaita mambo ya chekechea. Alipenda kuitwa Kapteni, na mliomwita hivyo mnajijua.

Jumamosi tarehe 9 Agosti ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka wa klabu. Ndege kumi na saba zilikuwepo, mahema yalipangwa kando ya ziwa, na mashindano yalikuwa ya kutua karibu na boya. Marehemu aliruka kutoka uwanja wa nyasi akiwa na mkewe. Redioni alisema tu, “Naja, andaeni makofi.” Mkewe akachungulia.

“Mume wangu, magurudumu yako nje.”

“Rubani hapa ni nani?”

“Yako nje, nayaona!”

“Nyamaza, unanipotezea shabaha.”

Ndege iligusa maji ikapinduka, tumbo juu. Aliyewahi kufika ni fundi wa klabu, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameikagua. Alikata mikanda kwa kisu, akamtoa wifi yangu akiwa na nyonga iliyovunjika, kisha akazama tena mara mbili mpaka akamtoa na marehemu, akambeba peke yake hadi nchi kavu.

Marehemu alilazwa na mbavu tano zilizovunjika na maji machafu mapafuni. Tarehe 12 mkaguzi wa usafiri wa anga alikuja wodini. Marehemu alimweleza, kwa sauti safi, kwamba alivuta kishikio na magurudumu yakagoma kukunjika, kwa hiyo kosa ni la fundi. Akatia sahihi. Kesho yake fundi alinyang’anywa leseni, karakana ikapigwa kufuli, na wanaklabu kumi na wanne wakahamisha ndege zao. Siku marehemu alipofariki, mtu aliandika MUUAJI kwenye mlango wa karakana kwa rangi nyekundu. Huyo fundi yuko pale langoni, amesimama, kwa sababu mmoja wenu alimwambia asiingie kwenye viti.

Jumatatu tarehe 18, mchana, muuguzi akibadilisha dripu, marehemu alinishika mkono. “Dada, kishikio sikukigusa. Nilikuwa nawapungia watu.”

Nikamwambia, “Mwite mkaguzi umwambie.”

“Nikipona nitamwambia.”

“Na usipopona?”

“Basi, yatakuwa yamekwisha.”

Hayakuwa yamekwisha. Alifariki Jumatano tarehe 20 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, nami nikakaa na maneno yake siku tatu, nikiona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yetu. Jana wifi yangu alinieleza kitandani yale ya ndani ya ndege, akalia, akaniuliza kama inaruhusiwa kumkasirikia maiti. Nilimjibu kwamba mimi nimeshaanza.

Marehemu ameacha mke, ambaye bado yuko hospitalini, mabinti wawili, kaka mmoja, mdogo mmoja, dada huyu anayesoma, na fundi mmoja asiye na kazi. Mkaguzi ameketi safu ya tatu, mwenye shati la buluu, nilimwalika mimi. Barua yenye sahihi yangu na ya mjane anayo tangu asubuhi.

Wanaklabu sita waliopangwa kubeba jeneza, sogeeni mbele. Fundi, wewe njoo ukae kwenye kiti changu, ulishambeba. Na wewe mdogo wangu, lala salama. Mkaguzi nimemwambia.