Dada Yetu, Fundi wa Meno, na Okidi ya Dirisha la Bafuni

Ndugu, majirani, na hata nyinyi mliokuja kuchungulia tu: mimi ni mdogo wa marehemu, na nimeombwa niwasomee maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mama yetu mshonaji na baba yetu karani wa ghala. Tangu utotoni hakuamini mtu. Mama akisema chai imepoa, yeye alichovya kidole kwanza. Ukoo wetu ndivyo tulivyo, msitushangae.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, akasomea utengenezaji wa meno ya bandia, na akaifanya kazi hiyo katika karakana ya hospitali hadi alipostaafu mwaka 2012. Wengine wenu hapa mnatafunia kazi ya mikono yake.

Tarehe 20 Desemba 1980 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba. Walipendana, lakini baada ya miaka mingi shemeji akaanza kumshuku. Mkewe alikuwa anajifungia bafuni kila asubuhi na kunong'ona. Siku moja akatega sikio mlangoni, akasikia: "Umekunywa, kipenzi? Tulia, leo sikuhamishi." Shemeji akausukuma mlango kwa bega. Mwanamume hakuwamo. Dirishani palikuwa na vyungu vidogo vya okidi, kila ua na mdomo kama kiatu cha mtoto mchanga.

"Unaongea na nani?"

"Na wanaonisikiliza," dada akajibu.

Okidi hizo zilitoka misitu ya joto, na mvuke wa bafuni zilikuwa zinaupenda. Dada alizinywesha maji ya mvua. Ya bomba alisema yana chumvi, jambo lililomuudhi sana shemeji kwa kazi yake. Alizimwagilia pembeni tu. Maji yakituama katikati ya majani, moyo wa mmea huoza.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alipolazwa, nyumba ilijaa watu wema, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kila aliyeingia bafuni alizionea huruma okidi, akazimiminia kikombe cha maji katikati kabisa. Dada aliniuliza akiwa kitandani, "Nani anazimwagilia?" Nikamwambia, "Wote." Akageukia ukutani, akalia. Zilioza, ikabaki moja, ndogo kuliko zote, nayo ilikuwa na tumba.

Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 4 mwezi huu. Kufika jioni, dirisha lilikuwa tupu.

Msiba mzima umepita bafuni mle, kwa hiyo namshuku kila mtu. Wifi yake alikuja na mkoba mkubwa, akaondoka ameukumbatia utadhani una mayai. Jirani wa juu aliomba kuoga kwetu, na kwake maji hayajakatika. Shemeji mwenyewe analia, sawa, lakini mbona hanitazami? Nilikusudia kumtaja mtu hapa hapa, mbele ya jeneza. Roho inaniuma, jamani. Ndicho kitu pekee kilichobaki alichokilea kwa mkono wake. Lakini nikikutaja utaona haya, utaitupa jalalani, nayo itakufa.

Basi uliyeichukua, nisikilize. Iweke dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Isikauke kabisa, wala isikae ndani ya maji. Haina pa kuweka akiba ya maji. Kila mwaka ibadilishie maganda ya mti yaliyomo chunguni. Ua likianguka usidhani imekufa; chipukizi hutoka ubavuni, na hilo ndilo litakalochanua baadaye. Subira tu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wifi yake, mimi mdogo wake, na okidi moja ambayo mmoja wenu anajua ilipo.

Dada yetu apumzike kwa amani. Na mwenye okidi asingoje maziko yaishe, leo ni siku yake ya maji. Aende tu. Sitageuka kumtazama.