Zamu Yangu ya Kumbeba Mkwe

Enyi wenzangu wa chama cha kuzikana, mlokaa mikekani na mlosimama mlangoni, nisikizeni. Miye sikusoma, na chumvi naongeza, lakini hili lilinipata.

Miaka ya themanini nilikuwa bawabu hapa hapa Likoni, kwa mzungu alonunua shamba la pwani. Alizungusha seng'enge, makaburi ya wazee wetu yakabaki ndani. Amri yake moja: mzungu apite, hata kama amepotea na chupi ya kuogelea, mtu mweusi azungukie ufuoni, maji yakitoka. Hata na maiti. Na mwenye ufunguo ni miye. Ndugu zangu, nawaambia, niliwarudisha watu hata mbuzi wa mtaa wakiniona wanageuza shingo. Nikitoa salamu, hajibu mtu. Mkwe wangu, mamake mke wangu, aliapa hatoonja maji ya nyumbani kwangu.

Mke wangu akenda kwao kumuuguza. Asubuhi moja niko kazini, sina habari, nasikia "La ilaha illallah" yaja njiani. Jeneza, na watu kama mchanga. Bahari imejaa, ufuoni hakupitiki. Wakasimama getini, jua la kupasua nazi. Na jeneza haliwekwi chini njiani, mwajua wenyewe. Wakawa wapokezana mabega.

Mzungu akatoka barazani na bunduki. Akaniambia nikifungua, wa kwanza kupigwa ni miye. Upande wa pili hakuna alorusha jiwe, hakuna alorudi nyuma. Jasho lilonitoka lingetosha watu wanane kutawadha.

Shemeji yangu alikuwa amebeba mbele. Akanitazama kwenye vyuma vya geti, akasema polepole, "Huyu ni mama. Mabega yetu yamechoka, shemeji. Zamu yako."

Ufunguo niliutia mara tatu ndipo ukashika. Geti likafunguka, bunduki ikainuka. Nikaipa mgongo, nikatia bega. Hapo wale wa nyuma wote wakaja mbele wakatuzunguka, hata jeneza halionekani. Akitaka kupiga, apige mtaa mzima. Bawabu mwenzangu, mtu wa bara, Mkristo, akavua kofia akatia bega. Mpishi akatoka jikoni na aproni yake. Tukenda mwendo ule ule wa maiti, hakukimbia mtu. Kila hatua nangoja mlio. Haukuja.

Kesho yake nikakamatwa. Mtaa ukaja ukakaa chini nje ya kituo siku mbili, kila mmoja ataka naye atiwe ndani, maana na yeye alipita. Wakaniachia. Geti lile halikufungiwa maiti tena.

Namshukuru shemeji. Namshukuru yule mtu wa bara, alofukuzwa kazi pamoja nami na asijute. Na nyinyi mlonirudishia salamu, Mungu awalipe. Mkipewa kazi ya kuwafungia wenzenu, iacheni mapema, msingoje maiti aje kuwafunza.

Lakini siku ile ya maziko, nilirudi matangani kifua mbele. Nikamwambia mke wangu, mamako nimembeba miye, mbele kabisa, toka getini hadi kaburini, sikupokewa. Uwongo, nilipokewa mara nne. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio. Akanitazama weee, akaropoka mbele ya wanawake wote:

"Lau mama angalijua mbele ni wewe, wallahi angaliteremka akenda kwa miguu."