Gesi Iliyokataa Kutoka Jiweni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mchungaji Gicheru, wanabodi, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Bumula, Misikhu na hata Kwanza, na nyinyi wasichana wangu mlioketi kwenye nyasi: nawasalimu nyote kwa furaha ambayo leo sitaki kuificha.

Tumekuja kufungua maabara. Lakini mimi, Phelista Nanyama, mwalimu mkuu wenu, sitasema habari za matofali. Nitasema habari za mgeni wetu, Daktari Rahab Thuo, niliyemfundisha fizikia hapa hapa kabla hajaenda ng'ambo.

Alikwenda na swali moja. Moshi wa viwanda una gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto. Ikisukumwa chini kabisa, ndani ya miamba, je, itakaa huko ama itarudi juu? Na nani ataona ndani ya jiwe? Rahab alitumia sumaku kubwa, kama ile ya mashine ya hospitali inayopiga picha ndani ya mwili bila kisu. Maji ya chumvi yaliyo kwenye vitundu vya jiwe huonekana meupe kwenye picha. Gesi ikiyasukuma, pale panakuwa giza.

Chuma hakiingii kwenye sumaku hiyo, kwani kingevutwa, na vyombo vya plastiki vya kushikilia jiwe vilipasuka kimoja baada ya kingine kwa presha. Mwaka 2006 profesa wake akamwambia, "Badilisha mada. Hii itakumaliza."

Alimpigia baba yake simu huko Kwanza akilia. Mzee Thuo, yule pale, akamwambia, "Si urudi tu nyumbani, mama. Hakuna mtu atakucheka."

"Jiwe halina makosa, Baba," akajibu. "Chombo ndicho kibovu."

Basi akaingia karakana, akajifunza kuviringisha nyuzi za kioo na gundi juu ya bomba la plastiki, mpaka akapata chombo kisichopasuka. Akasukuma gesi ndani ya jiwe, giza likaenea kwenye picha. Kisha akarudisha maji kuifukuza. Ilitoka yote? La, wapendwa. Sehemu kubwa ilinaswa kwenye vitundu, ikakataa kabisa kutoka. Profesa akatazama picha, akasema, "Rudia." Akarudia kwa jiwe lingine, na lingine tena. Jibu likawa lile lile.

Simu ikalia tena huko Kwanza. "Baba, imekaa!"

"Nani amekaa?"

"Gesi!"

Mzee alicheka hadi mkewe, Mama Mary Ann, akaacha jiko akaja kuuliza kuna nini.

Leo wanasayansi wa nchi nyingine wanatengeneza chombo kwa mchoro wa binti huyu. Kutoka darasa letu! Mnataka niinamishe kichwa kwa unyenyekevu? Leo siwezi.

Asubuhi msichana wa kidato cha pili ameniuliza kama fizikia ni ya watu fulani. Nilimwambia asubiri sherehe. Jibu limevaa gauni la kijani, na limeshika mkasi.

Daktari, kata utepe. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana.