Sauti ya Madhabahu Moja: Kumuaga Nikandro, Mpiga Mbiu wa Korintho

Leo, siku ya kwanza ya mwezi wa Machi, Nikandro mwana wa Sosikle anastaafu upiga mbiu wa madhabahu ya Korintho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Sisi tuliohudumu naye hekaluni tunaishukuru miungu kwamba anaondoka akiwa mzima, na kwamba mji anaouacha ungali mmoja.

Kazi yake ilikuwa kuwaita watu kwenye sala na kuamuru kimya. Si kazi nyepesi katika mji wenye mataifa mawili. Mgiriki huomba kichwa wazi. Mrumi huvuta vazi akajifunika, asije akaona jambo la kumkwaza. Nikandro, mwenye upara tangu ujanani, aliwahudumia wote asubuhi ileile, kila taifa mahali pake, na upara huo ukapata jua kwa Wagiriki na jasho kwa Warumi. Ni yeye pia aliyezizoesha nyumba zetu kuandaa nafasi ya mwanamke karamuni, kwa kuwa Mrumi akialikwa huja na mkewe, ilhali kwetu mke hubaki chumba cha ndani, wageni wakamsikia akikohoa tu.

Lakini hatutaisahau sadaka iliyofuata tetemeko la ardhi. Ndipo mataifa yote mawili yaliposimama kwa mara ya kwanza mbele ya madhabahu moja, kushukuru kwa uhai. Hakimu Kwinto Atilio, Mrumi mwenye msimamo mkali, alikwisha kutangaza kwamba ibada ikiharibika, Wagiriki wataondolewa hapo milele. Nikandro akaamuru kimya. Shoka lilipoinuliwa juu ya fahali, wanawake wetu wakapiga vigelegele, kama walivyofanya mama zao. Mchinjaji Mrumi akashtuka, akalishusha kando. Fahali akaendelea kutafuna.

“Imeharibika!” Atilio akanguruma. “Nani huyo anapiga kelele?”

“Kelele?” akajibu Bibi Timarete, mkongwe kuliko sote. “Bwana mkubwa, kwetu fahali wa miungu hafi kimyakimya kama kuku wa wizi!”

Wagiriki wakacheka. Askari wa hakimu hawakucheka; walianza kutusukuma nyuma.

Nikandro hakubishana juu ya nani mchaji zaidi. Aliwajua Warumi: kwao ibada ni maneno, na jambo lililotamkwa mwanzoni haliwi kosa mwishoni. Akamwendea hakimu kwa utulivu.

“Mheshimiwa, kosa ni langu. Sikuvitaja vigelegele katika mbiu. Turudie tangu mwanzo, nivitaje.”

Atilio akausogeza ukingo wa vazi kutoka usoni pake.

“Vitaje,” akasema hatimaye. “Lakini visizidi pumzi moja.”

“Pumzi ya nani?” akauliza Timarete. “Maana yangu ni ndefu.”

Hapo hata askari mmoja aligeuza uso kuficha kicheko. Ibada ikarudiwa, vigelegele vikapigwa mahali pake, na fahali akaanguka. Nyama tuliila pamoja, mabega yakishuka, kama watu waliotuliwa mzigo ambao hawakujua wameubeba kwa muda gani.

Tangu siku ile hakuna aliyetajiwa tena kuondolewa madhabahuni. Katika sikukuu iliyopita, aliyetangulia kupiga vigelegele alikuwa binti wa Atilio mwenyewe, wala hapana aliyegeuka kumtazama.

Nikandro, asante kwa utumishi wako. Miungu ikujalie kivuli cha mchana, mvinyo mwepesi, na wajukuu wenye kelele nyingi. Umetunyamazisha vya kutosha.