Utaisoma Wewe Langoni

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe mkubwa zima hiyo simu. Mabosi wako watasubiri nife kwanza.

Gazeti namwachia dada yenu. Mtambo, karatasi na kile chumba nyuma ya duka la fundi viatu ni vyake, kwa kuwa ndiye aliyebaki na wino kwenye kucha ninyi mlipokwenda kutafuta kazi za kuvaa tai. Msimbembeleze auze. Wenye kiwanda cha nguo wanalitaka ili walijaze habari za mpira na picha za maharusi, wafanyakazi wasijue tena nani kafukuzwa, kwa nini, na sheria inampa haki gani. Najua mmekwisha kukubaliana nao nyuma ya mgongo wangu, nami ningali napumua.

Wewe, mkubwa, nakuachia nyumba hii, lakini kwa sharti. Kusoma ulijifunzia mabegani kwangu, langoni mwa kiwanda, saa ya chakula, ukiwasomea gazeti wasiojua herufi, nao wakikuita Redio. Leo wewe ni meneja wao. Ni wewe uliyeamuru kinga ing'olewe kwenye mashine ya kukatia vitambaa ili kazi iende mbio, mashine ikala mkono wa yule mama aliyekuwa akiiendesha, nawe ukaandika kwamba alikuwa anasinzia.

Habari hiyo imo ukurasa wa kwanza wa toleo lijalo. Dada yako aliipanga huku analia, nikamwambia afute machozi, yanaharibu karatasi. Jina lako limo kamili, pamoja na la baba yako, kama tunavyomwandika kila mtu, asije akasingiziwa mwingine.

Unasema, "Baba, unaniua." Hapana, mwanangu, anayekufa ni mimi, wewe utasoma tu. Mkishanizika, utakwenda langoni saa ya chakula, uisome yote kwa sauti, yule mama akiwa amesimama mbele yako. Usiposoma, nyumba ni yake. Wakili anajua.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Jeneza langu asilishike mtu mwenye beji ya kiwanda. Tangazo la kifo changu likae ukurasa wa mwisho, chini, lisichukue nafasi ya habari ya mtu aliye hai. Dada yenu, Mungu... amlindie mikono. Wadogo, msigombane. Nawe, Redio... Mungu akupe sauti... hata wale wa nyuma... wasikie.