Siku 2,260 za Mwalimu Marieta Masatu

Baba Paroko, viongozi wa serikali, ukoo wa Mayala mnaotupokea hapa Manyamanyama, Bunda, ndugu zangu mliotoka Nyegina na Suguti, nanyi nyote mlioacha kazi zenu siku hii ya Jumanne, tarehe 5 Oktoba 1993, mimi ni Wenceslaus Masatu, kaka mkubwa wa marehemu, mtakwimu mstaafu wa idara ya kilimo, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi ambayo shemeji yangu Nathanieli Mayala, mkubwa wa ukoo huu, alinijia jana mchana kuniomba niifupishe, akisema, "Shemeji, soma kuzaliwa, soma shule, soma watoto, pale kwa ugonjwa uparukage tu, watu wana njaa." Sitaparuka. Chakula kitasubiri.

Marehemu alizaliwa Nyegina tarehe 9 Agosti 1940, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa mzee Masatu, mvuvi na mkulima wa mihogo, akabatizwa misheni ya hapohapo akiwa na siku kumi na mbili. Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akamaliza masomo ya kati mwaka 1956, akasomea ualimu miaka miwili kwa masista, na tarehe 12 Januari 1959 alishika chaki kwa mara ya kwanza huko Suguti, alikofundisha hadi mwisho wa mwaka 1963, kisha Butiama kuanzia 1964 hadi 1967, kisha hapa Bunda kwa miaka ishirini na mitatu. Nimejaribu kukadiria idadi ya watoto aliowafundisha kusoma, nikichukua darasa moja la kwanza kwa mwaka na wastani wa watoto arobaini na wawili, na ninapata zaidi ya elfu moja na mia tatu, baadhi yao wako hapa, wamenenepa, na wanajua nitakayoyasema kwa sababu waliyasema wao kwanza, kwa namna nyingine, kwenye vilabu.

Alifunga ndoa na Silasi Mayala, dereva wa malori ya pamba ya chama cha ushirika, Jumamosi tarehe 18 Juni 1966, nao walijaliwa watoto watatu, Stanislausi aliyezaliwa 1967, Mbuke aliyezaliwa 1970, na Bernado aliyezaliwa 1974. Silasi, wewe sikusomi vibaya leo, siku ile ya hospitali hukuwepo.

Sasa ugonjwa. Mwezi Oktoba 1983 dada yangu alianza kushiba kwa matonge matatu, akasikia uzito chini ya mbavu za kushoto, na kufikia Februari 1984 uvimbe ulikuwa unaonekana juu ya kanga, hata wajuzi wa hapa wakahesabu miezi ya mimba kwa vidole na kumtazama Silasi kwa huruma. Mwaka ule mnaukumbuka, maduka ya Bunda yalikuwa na rafu na wauzaji tu, na hospitali tuliyompeleka, ambayo sina sababu ya kuitaja, ilituagiza tufike na sabuni, glovu, uzi wa kushonea na mafuta ya taa ya jiko la kuchemshia vyombo. Dizeli ilikuwa imepatikana wiki hiyo, Silasi akapelekwa na lori Shinyanga, hivyo aliyempeleka mkewe hospitali ni Nathanieli, nami nikawafuata kwa baiskeli kutoka Musoma nikiwa na vipande viwili vya sabuni.

Daktari alimpapasa, akasema ni kifuko cha maji kando ya kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, na akataka kujua chanzo, kwa kuwa tiba ilitegemea chanzo. Kwa desturi yetu mke akiwa mgonjwa anayemsemea ni mkubwa wa ukoo wa mume, na daktari naye ni mtu wa mkoa huu, kwa hiyo alimuuliza Nathanieli, si mgonjwa aliyelala hatua mbili kutoka kwake. Aliuliza kama huyu mama anatumia pombe. Nathanieli akajibu, "Anakunywaga, daktari, tena sana, ile ya moshi." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sabuni yangu. Nilimjua dada yangu tangu siku yake ya kwanza duniani na sikuwahi kumwona na kibuyu wala chupa, lakini kaka wa mke hambishii mkubwa wa ukoo wa mume mbele ya watu, nami nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na nikanyamaza. Hili naliandika kwenye hesabu yangu, si ya mtu mwingine.

Kongosho la mlevi huungua na kuvuja, na maji yakijikusanya pembeni hujenga kifuko kisicho na nyama yake, tiba yake ni kukitoboa tundu kuelekea tumbo la chakula ili kimwage humo kinywee chenyewe, na ndivyo daktari alivyofanya Jumatano tarehe 14 Machi 1984, akatoa lita tatu na robo, akashona vizuri, akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa ni mlevi wa muda mrefu. Alitibu kwa usahihi mwanamke ambaye hakuwepo. Kwa asiyekunywa, asiyeanguka, asiyepigwa, kifuko cha namna ile si maji yaliyovuja bali ni uvimbe ulioota wenyewe, wenye ukuta ulio hai unaotengeneza ute wake, na huo hautobolewi, huo hukatwa na kutolewa wote.

Kadi ile ilitembea kuliko mgonjwa. Mwezi Mei 1984 umoja wa kina mama wa kigango chake ulimvua uongozi, bila kikao, kwa ujumbe uliopelekwa na mtoto wa mtu, na mwaka huohuo mwalimu mkuu mmoja alianza kumnusa pumzi asubuhi. Mwaka 1986 alirudi hospitali na homa na kutapika, wakafungua kadi, wakamwambia aache pombe, mwaka 1988 uvimbe ukarudi waziwazi, wakafungua kadi, wakamwambia aache pombe. Alisema haonji. Muuguzi alimjibu, "Mwalimu, wote mnasemaga hivyo." Ninyi kina mama wa kigango, nawaona pale kushoto, mmekuja na sare zenu mpya, na ninyi pia mlimjibu kama muuguzi yule.

Aprili 1990 Silasi alisikia kwa madereva wenzake kwamba Mwanza kuna mashine binafsi ya ultrasaundi, kwa maana wakati huo kila kitu kilikuwa kimeanza kuingia nchini, glovu zikauzwa dukani kando ya redio na vitenge, akampeleka bila kuaga ukoo. Picha ilionyesha kuta ndani ya kifuko, kimegawanyika kama vyumba, na daktari bingwa wa upasuaji, Daktari Makongoro, alipochoma sindano hakupata maji mepesi bali ute mzito unaovutika kama mlenda. Aliisoma kadi ya zamani, akaiweka chini, akawatoa watu wote chumbani isipokuwa Mbuke aliyekuwa amemshika mama yake, na yaliyosemwa humo niliyaandika siku hiyohiyo kwa kinywa cha Mbuke.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Sijaonja, daktari, hata ya arusi yangu."

"Uliwahi kuanguka? Baba alikupiga?"

"Silasi? Huyo hata kuku anamwomba radhi kabla ya kumchinja."

"Sasa nani alisema unakunywa?"

"Shemeji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Palepale kitandani. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Jumanne tarehe 22 Mei 1990, kwa saa tano na dakika ishirini, Daktari Makongoro alitoa uvimbe wote wenye upana wa sentimita kumi na saba, pamoja na mkia wa kongosho, bandama, na kipande cha tumbo la chakula pale lilipotobolewa zamani, akapeleka kipande Dar es Salaam, na baada ya wiki saba jibu likaja kwamba sehemu ya ukuta ilikuwa imeshageuka saratani. Nilimuuliza kama ingekuwa hivyo mwaka 1984. Hakuapa, alisema tu kwamba uvimbe wa aina hii huchukua miaka kugeuka na kwamba ukitolewa mapema wengi hupona kabisa. Kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili ni miaka sita, miezi miwili na siku nane, yaani siku 2,260, nimezihesabu mara tatu.

Januari 1991 nilimwendea Nathanieli nyumbani kwake nikiwa na jibu la Dar es Salaam mkononi, nikamuuliza kwa nini. Hakukana. Alisema, "Shemeji, ningesema hatujui chanzo, kesho yake watu wangesema karogwa na kumtaja mama yangu, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, unajua wanavyowafanyaga vikongwe huku. Nikaona heri pombe. Nani ameuawagwa kwa ajili ya pombe?" Mama huyo nilimfahamu na alikuwa mtu mwema. Lakini bibi huyo alifariki kitandani mwake na kuzikwa tarehe 6 Novemba 1988, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kulindwa, uvimbe ulikuwa umerudi, kadi ilikuwa bado inasomwa, na shemeji yangu alikuwa na siku 562, kabla ya upasuaji wa pili, za kutembea hadi hospitali na kusema nilikosea. Ni kilomita nne.

Dada yangu aliishi miaka mitatu, miezi minne na siku kumi na moja baada ya upasuaji wa pili, saratani ikatokea tena kwenye ini mwezi Juni mwaka huu, akafariki Jumapili alfajiri, tarehe 3 Oktoba 1993, akiwa na miaka hamsini na mitatu, mikononi mwa Mbuke.

Familia inamshukuru Daktari Makongoro na wauguzi wake, walimu sita waliojitolea damu, wanafunzi wake wa zamani waliomchotea maji, na majirani, ambao kati yao kwa miaka tisa walioingia kumjulia hali walikuwa kaya mbili, ya mama Gati na ya mzee Boniface fundi cherehani, wengine mnajijua.

Baada yangu udongo wa kwanza utatupwa na mkubwa wa ukoo wa mume, ni haki yake, siwezi kuizuia. Naomba tu kabla hajashika koleo asimame hapa nilipo, aseme kwa sauti ya kuwafikia waliokaa nyuma maneno matatu, Marieta hakuwa mlevi. Mstari wa mwisho wa historia hii ninao mkononi, unamwombea dada yangu apumzike kwa amani, na sitausoma mpaka nimeyasikia. Shemeji Nathanieli, karibu.